Maji ya chupa husema kabla ya homa

Mama ana mimba ya wiki 28. Tumbo limekuwa likikaza na kuachia tangu alfajiri, na sasa linakaza kila baada ya dakika saba. Chupa, yaani mfuko wa maji anamokaa mtoto, haijapasuka. Joto la mwili ni nyuzi 36.9, mapigo ya moyo yako sawa, mtoto anacheza, na tumbo likibonyezwa halimuumi kupita kawaida. Mkunga amepima njia, imefunguka sentimita mbili. Ukiisoma karatasi yake kuanzia juu hadi chini hukuti neno lolote la kukutia wasiwasi wa maambukizi. Hata hivyo daktari aliyesimama kando ya kitanda anajua kwamba kati ya wanawake kumi walio katika hali kama hii, mmoja hivi ana vijidudu ndani ya maji anamoogelea mtoto wake. Hajui kama mmoja huyo ndiye huyu aliye mbele yake, na kwa kumtazama tu hatajua.

Kukosea huku kunagharimu pande zote mbili. Akidhani hakuna maambukizi kumbe yapo, atampa dawa ya kutuliza uchungu ili mtoto azidi kukaa tumboni, na kila saa inayopita mtoto anameza na kuvuta maji yenye vijidudu. Akidhani yapo kumbe hayapo, huenda akaharakisha kumzaa mtoto wa wiki 28 ambaye angeweza kukaa wiki tano au sita zaidi, na katika umri huo kila wiki ni mali. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 walizaliwa watoto njiti wapatao milioni 13.4, yaani waliozaliwa kabla ya kutimiza wiki 37. Matatizo yatokanayo na kuzaliwa njiti ndiyo yanayoongoza kuua watoto walio chini ya miaka mitano. Maambukizi ndani ya mji wa mimba yanahusishwa na sehemu kubwa ya uzazi huo wa mapema. Makadirio ya watafiti huanzia asilimia 25 hadi 40.

Ndiyo maana wapo madaktari wanaochukua sindano ndefu, wakavuta maji kidogo ya chupa na kuyauliza swali lenyewe. Maji hayo hujibu, lakini kwa lugha inayohitaji kufasiriwa, na kosa linalofanyika mara nyingi ni kudhani kuwa kila jibu lake linahusu kijidudu. Mengi ya majibu hayo yanahusu jambo jingine kabisa.

Tuanze na maji yenyewe. Katika nusu ya pili ya mimba, sehemu kubwa ya maji ya chupa ni mkojo wa mtoto pamoja na majimaji yatokayo kwenye mapafu yake. Mtoto huyameza, huyatoa tena, huyavuta na kuyatoa kifuani kama anayefanya mazoezi ya kupumua. Kufikia wiki ya 34 hivi huwa yanakaribia mililita 800. Kwa hiyo kijidudu kikishaingia humo, kimeshafika kwenye ngozi, macho, mapafu na utumbo wa mtoto kwa pamoja.

Njia kuu ya kuingilia ni kutoka chini. Bakteria wanaoishi ukeni hupanda kupitia mlango wa kizazi, wakafika kwenye tando mbili zinazomzunguka mtoto, kisha wakapenya. Tando hizo zinaweza kupenywa zikiwa nzima kabisa. Si lazima chupa ipasuke kwanza. Mara chache vijidudu hufika kwa njia ya damu ya mama na kupita kwenye kondo la nyuma, kama anavyofanya bakteria wa Listeria. Ama yule anayekutwa mara nyingi kuliko wote kwenye maji ya wanawake wenye uchungu wa mapema ni Ureaplasma, kiumbe kidogo mno kisicho na ukuta wa seli. Hupata nguvu kwa kuvunja urea, na maji ya chupa yana urea kwa sababu mtoto anakojolea humo. Ni kama amekuta chakula kimeshaandaliwa. Kumbuka mambo hayo mawili, kukosa ukuta na kula urea, kwa sababu yataharibu vipimo viwili huko mbele.

Kijidudu akishaingia, kinga hustuka. Seli za tando, za mama na za mtoto mwenyewe, hutambua vipande vya mwili wa bakteria na kumwaga protini za kupiga mbiu. Seli nyeupe huitika na kumiminika. Hali hii ndiyo madaktari huiita inflamesheni, yaani kinga ya mwili kuwaka. Inapowaka, huzalisha prostaglandini, kemikali zilezile zinazokaza mji wa mimba na kulainisha mlango wake, na pia vimeng'enya vinavyomeng'enya nyuzi za tando hadi chupa inapasuka. Ukitazama kwa jicho hilo, uchungu wa mapema ni mwili unaojaribu kumtoa mtoto kwenye nyumba inayoungua. Kwa hiyo ukimpa mama dawa ya kutuliza uchungu bila kujua kinachouchochea, huenda unafunga mlango na moto uko ndani.

Sasa turudi kwa mama yule asiye na homa. Utambuzi wa kitandani umejengwa juu ya homa. Vigezo vinavyotumiwa na madaktari wengi tangu miaka ya 1980 vinataka joto la mwili kuanzia nyuzi 37.8 pamoja na angalau dalili mbili nyingine: moyo wa mama kwenda mbio, moyo wa mtoto kupita mapigo 160 kwa dakika, tumbo kuuma likiguswa, maji kunuka, au seli nyeupe za damu kupanda. Mwaka 2017 chuo cha madaktari wa uzazi wa Marekani kilipanga upya: nyuzi 39 peke yake inatosha kushuku, nyuzi 38 hadi 38.9 inahitaji dalili nyingine moja ya kuiunga mkono. Ila kuthibitisha, kwa mujibu wa mpangilio huo, kunatokana na maji ya chupa au uchunguzi wa kondo la nyuma tu. Homa huishia kwenye kushuku.

Hilo lina sababu zake. Maambukizi yamefungiwa ndani ya mfuko ulio mbali na mzunguko wa damu ya mama, na kwa wanawake wenye uchungu wa mapema ambao maji yao yameonyesha vijidudu, ni wachache tu wanaokuwa na homa wakati huo. Homa ni dalili ya mwisho mwisho, pale moto unapokuwa umevuka ukuta. Kwa upande mwingine, homa yaweza kuja bila maambukizi: ganzi ya mgongoni iitwayo epidurali wakati wa uzazi hupandisha joto kwa baadhi ya wanawake. Na sindano za steroidi anazochomwa mama ili kukomaza mapafu ya mtoto hupandisha idadi ya seli nyeupe kwenye damu, kwa hiyo picha kamili ya damu iliyopimwa siku inayofuata inaweza kumtisha daktari bure. CRP, protini inayopimwa sana kwenye damu kutafuta maambukizi, nayo haijaweza kutofautisha vizuri kilichomo ndani ya chupa na kilichoko kwingine mwilini.

Basi sindano. Mama hulala chali, ameinuliwa kidogo upande. Daktari hupitisha mashine ya altrasaundi tumboni akitafuta mahali penye maji ya kutosha, mbali na uso wa mtoto, na ikiwezekana mbali na kondo. Ngozi husafishwa kwa dawa. Sindano ni nyembamba kama ile ya kutolea damu, urefu tu ndio unaozidi, na kwenye kioo inaonekana kama mstari mweupe unaoingia polepole kwenye weusi wa maji. Mililita 10 hadi 20 zinatosha. Maji yanayopanda kwenye sirinji huwa na rangi ya majani makavu, wakati mwingine yana chembe nyeupe za utando mlaini unaoganda kwenye ngozi ya mtoto. Wengi hutarajia maji yenye maambukizi yawe na usaha au harufu. Mara nyingi ni masafi kwa macho, na hapo ndipo macho yanapoishia uwezo wake.

Maabara hugawa maji hayo mafungu. Fungu la kwanza, la haraka, ni kipimo cha Gram, kilichobuniwa na daktari wa Denmark, Hans Christian Gram, mwaka 1884. Tone hupakwa kwenye kioo, likaushwe, limwagiwe rangi ya zambarau, kisha iodini, lioshwe kwa spiriti, mwishowe rangi nyekundu. Bakteria wenye ukuta mnene hubaki zambarau. Wenye ukuta mwembamba huonekana waridi. Mtaalamu huyaona mambo haya kwa darubini inayokuza mara 1,000. Akimwona bakteria, karibu hakuna ubishi. Lakini rangi hiyo hushika ukuta wa seli, na tumeshasema Ureaplasma hana ukuta. Kinara wa maambukizi haya anapita mbele ya darubini asionekane. Aidha, lazima bakteria wawe wengi kiasi ndipo tone moja liwanase.

Fungu la pili ni sukari. Bakteria wengi, pamoja na seli nyeupe zinazowafuata, hula sukari iliyomo kwenye maji. Ikishuka chini ya miligramu 14 kwa desilita, shaka huongezeka. Kipimo ni rahisi, mashine yake iko karibu kila hospitali, na jibu huja kwa dakika chache. Hata hivyo sukari ya maji ya chupa hushuka yenyewe kadiri mimba inavyokua, na Ureaplasma, mla urea, hana haja nayo.

Fungu la tatu ni kuhesabu seli nyeupe. Seli 50 au zaidi kwa milimita ya ujazo moja huhesabiwa kuwa nyingi kwa mwenye chupa nzima. Sindano ikipita kwenye mshipa na damu ikachanganyika na maji, hesabu hiyo huvurugika, kwa hiyo maabara makini huhesabu na seli nyekundu pia.

Halafu kuna interlukini-6, ambayo kwa kifupi huandikwa IL-6. Hapa inafaa tukae kidogo, kwa kuwa ndicho kipimo kilichobadilisha fikra za watu. IL-6 ni mojawapo ya zile protini za kupiga mbiu. Hailetwi na bakteria. Inatengenezwa na seli za binadamu zilizostuka. Kwa njia ya kawaida ya maabara, kiwango kinachotumika sana ni nanogramu 2.6 kwa mililita: ikifika hapo au kupita, ndani ya chupa kuna inflamesheni. Vipo pia vipimo vya kitandani, kikaratasi cha kudondoshea maji kinachosomwa na mashine ndogo, na jibu hutoka kwa dakika 20 hivi. Vipimo hivyo hutumia kiwango cha pikogramu 745 kwa mililita. Angalia vizuri: nanogramu 2.6 ni pikogramu 2,600. Protini ni ileile, namba ni mbili tofauti, kwa sababu njia za kupima hazisomi sawa. Mtu akichukua jibu la kipimo cha kitandani akalipima kwa kigezo cha maabara, atamwambia mama mwenye moto ndani kwamba yuko salama.

Kipo pia kipimo cha MMP-8, kimojawapo cha vile vimeng'enya vinavyokula tando, ambacho nacho kina toleo la dakika 15. Kinafanya kazi inayokaribiana na ya IL-6.

Mwaka 1993 kikundi cha watafiti kilichoongozwa na Roberto Romero kilivipambanisha vipimo hivi kwa wanawake 120 wenye uchungu wa mapema na chupa nzima. Maji ya kila mmoja yalioteshwa maabara kuona kama vijidudu vitakua, na vikakua kwa wanawake 11. Kipimo cha Gram kiliwanasa 7 kati ya hao 11, na kati ya wale 109 waliobaki kilimsingizia mmoja tu. Sukari ilinasa 9, ikasingizia 20. Seli nyeupe zilinasa 7, zikasingizia 6. IL-6 iliwanasa wote 11, lakini ikawanyoshea kidole wengine 19 ambao maji yao hayakuotesha chochote.

Soma tena namba hizo kama daktari mwenye mgonjwa mmoja mbele yake. Gram ni shahidi mkweli asiyeona vizuri: akisema nimemwona, mwamini, akisema sikumwona, usilale. IL-6 haikukosa hata mmoja, ila ilipiga kelele na mahali ambapo hapakuwa na kitu. Au palikuwa na kitu? Swali hili ndilo lililowashughulisha watafiti kwa miaka iliyofuata, maana wanawake wa aina ya wale 19 hawakuwa na mwisho mwema kama walivyotarajiwa watu wasio na ugonjwa. Wanawake wenye IL-6 ya juu na maji yasiyoota kitu walizidi kuzaa mapema, na watoto wao waliumwa, karibu kama wale wenye bakteria waliothibitishwa.

Kabla ya kulijibu, tutazame hesabu moja inayowapiga chenga hata wasomi. Tuchukue IL-6 kwa uwezo uleule wa utafiti ule, na wanawake 100 ambao 10 kati yao wana maambukizi. Kipimo kitawanasa 10, na kati ya 90 waliobaki kitawasingizia kama 16. Kwa hiyo mwanamke mwenye jibu la hatari ana maambukizi kwa nafasi ya 10 kati ya 26; wengi wao hawana. Sasa chukua wanawake 100 ambao mlango wa kizazi umefunguka kimyakimya katikati ya mimba, kundi ambalo tafiti kadhaa zimekuta karibu nusu yao wana vijidudu. Kipimo kilekile kitanasa 50 na kusingizia 9 hivi. Hapo jibu la hatari lina ukweli kwa watu 50 kati ya 59. Mashine ni moja, kikaratasi ni kimoja, lakini uzito wa jibu umebadilika kwa sababu ya nani aliyepimwa. Kwa hiyo karatasi ya maabara isiyosomwa pamoja na habari za mama mwenyewe ni nusu karatasi.

Turudi kwa wale 19. Sehemu ya jibu ilikuwa kwamba kipimo kilichotumiwa kama hakimu, yaani kuotesha, nacho kilikuwa na upofu wake. Kuotesha ni kuwapa bakteria chakula na joto ukisubiri wazaliane. Huchukua siku mbili hadi saba, na bakteria anayetaka chakula maalumu hataota kwenye chakula cha kawaida. Ureaplasma lazima aoteshwe kwenye mchuzi wenye urea, uliotiwa rangi inayogeuka kutoka njano kwenda waridi pale anapoivunja urea na kutoa amonia. Maabara isiyo na mchuzi huo itaandika "hakuna kilichoota" kwa moyo mweupe kabisa. Vipimo vya vinasaba vya PCR, vinavyotafuta sehemu ya vinasaba inayopatikana kwa bakteria wote, vilifichua vijidudu kwenye maji mengi yaliyokuwa yamehesabiwa safi. IL-6 haikuwa imekosea kwa hao. Hakimu ndiye aliyekosea.

Lakini hata PCR haikuwamaliza wote. Walibaki wanawake ambao maji yao yanawaka inflamesheni na hakuna bakteria kwa njia yoyote ile. Utafiti wa kikundi hichohicho uliochapishwa mwaka 2014, uliotumia kuotesha na njia za vinasaba pamoja, ulikuta kwamba kwa wanawake wenye uchungu wa mapema na chupa nzima, inflamesheni isiyo na kijidudu ilikuwapo kwa asilimia 26, na yenye kijidudu kwa asilimia 11. Yaani ile isiyo na bakteria ilizidi mara mbili. Inaaminika kwamba seli zinapoumia au kufa humwaga molekuli zake za ndani, na kinga huzisoma kama ishara ya hatari ileile inayosoma kwa bakteria. Na upo upande wa tatu pia: bakteria wachache waliogunduliwa kwa PCR bila inflamesheni yoyote, ambao huenda wameingia karibuni, au ni uchafuzi wa sampuli, na mimba zao huendelea vizuri zaidi.

Hapa ndipo fumbo linapofunguka. Maji ya chupa yanajibu maswali mawili tofauti. Gram, kuotesha na PCR vinajibu swali la kwanza: yupo nani? IL-6, MMP-8 na seli nyeupe vinajibu la pili: mwili unafanya nini? Sukari imekaa katikati, kwani inaliwa na wote wawili. Kwa maoni yangu, mabishano mengi kuhusu kipimo gani ni bora yametokana na kuvipa vipimo vya swali la pili mtihani wa swali la kwanza, kisha kuvilaumu kwa kufeli. Dawa ya kuua bakteria inategemea jibu la swali la kwanza. Hatari kwa mtoto inategemea zaidi jibu la pili, kwa sababu inflamesheni ikimfikia mtoto mwenyewe hudhuru mapafu yake na ubongo wake unaokua, na inahusishwa na mtindio wa ubongo baadaye maishani.

Mtu atauliza: kwa nini tusiwape wote antibiotiki tukamaliza? Lilijaribiwa. Utafiti mkubwa ulioitwa ORACLE, ulioendeshwa kutoka Uingereza na kuchapishwa mwaka 2001, uliwagawa wanawake kwa kura wapate antibiotiki au dawa isiyo na kitu. Kwa wale 4,826 ambao chupa ilikuwa imepasuka mapema, erithromaisini ilileta nafuu kwa watoto. Kwa wale 6,295 wenye uchungu wa mapema na chupa nzima haikuleta nafuu. Kisha watoto wakafuatiliwa hadi wakiwa na miaka saba. Mwaka 2008 ikatangazwa kwamba katika kundi la chupa nzima, mtindio wa ubongo ulikuwa kwa asilimia 3.3 ya watoto ambao mama zao walipewa erithromaisini, na asilimia 1.7 ya ambao hawakupewa. Sababu haijafafanuliwa kikamilifu. Shirika la Afya Duniani linashauri kutowapa antibiotiki kwa mazoea wanawake wenye uchungu wa mapema na chupa nzima bila dalili za maambukizi. Wengi wa wale 6,295 huenda hawakuwa na bakteria wowote. Wale kati yao waliopata antibiotiki walipewa dawa ya ugonjwa wasiokuwa nao, kwa sababu hakuna aliyeuliza maji yao. Matokeo hayo huwa yananirudia kila ninaposikia mtu akisema "tuanze tu dawa, haidhuru".

Sindano nayo si ya kila mtu. Inapofanywa katikati ya mimba kwa uchunguzi wa vinasaba, uwezekano wa mimba kuharibika kwa sababu yake ni kama 1 hadi 3 kati ya 1,000. Kwa mama aliye tayari kwenye uchungu ni vigumu kutenganisha madhara ya sindano na ya ugonjwa wenyewe. Chupa ikiwa imepasuka, maji yaliyobaki yaweza kuwa machache mno kuyafikia. Miongozo mingi haijaifanya kuwa ya lazima, kwa kuwa majaribio makubwa ya kuonyesha kwamba kupima maji kunaokoa watoto wengi zaidi bado yanahitajika. Hutumika zaidi pale jibu litakapobadilisha uamuzi: uchungu wa mapema sana, mlango uliofunguka kabla ya kushonwa, au homa isiyoeleweka chanzo chake. Kwa waliopasuka chupa, watafiti wamekuwa wakipima IL-6 kwenye maji yanayovuja ukeni. Haichomi mtu, ila maji hayo hayafai kuotesha kwa sababu yamepita kwenye bakteria wa uke.

Na kwa mama mwenyewe, kwa kuwa hakuna kipimo kitakachomfuata nyumbani: maji yanayovuja hata kama ni kidogo, uchafu wenye harufu mbaya, homa, tumbo linalokaza kwa mpangilio kabla ya wiki 37, au mtoto kupunguza kucheza, ni mambo ya kwenda hospitali siku hiyohiyo, usiku hata kama ni usiku.

Tumalizie na mama wa wiki 28. Tuseme amekubali sindano baada ya kuelezwa. Ndani ya saa moja majibu yanakuja: Gram, hakuna bakteria. Sukari 22, si ya kutisha. Seli nyeupe 140. IL-6 iko juu sana. Angekuwa amepimwa viwili vya kwanza tu, angeambiwa hana kitu. Kwa kuviweka pamoja, picha inayojichora ni ya moto unaowaka pasipo bakteria wa kuonekana kwa rangi, na mtuhumiwa wa kwanza ni yule asiye na ukuta. Penisilini na ndugu zake huua kwa kubomoa ukuta, kwa hiyo hazimwezi; daktari anachagua mchanganyiko wenye dawa ya jamii ya erithromaisini. Tafiti ndogo zimeonyesha kwamba mchanganyiko wa aina hii huweza kusafisha maji kwa baadhi ya wanawake na kurefusha mimba, ingawa si kwa wote. Anachomwa steroidi kwa ajili ya mapafu ya mtoto, na magnesiamu inaandaliwa kuulinda ubongo iwapo uzazi utakaribia. Dawa ya kuzuia uchungu kwa muda mrefu haipewi nafasi. Kila baada ya saa kadhaa anapimwa joto na moyo wa mtoto unasikilizwa. Dalili za maambukizi zikijitokeza wazi, mtoto atazaliwa, na hilo peke yake halimlazimishi mama kupasuliwa.

Siku ya tatu mchuzi kule maabara unageuka waridi.

Mtoto akizaliwa, kondo la nyuma lisitupwe kabla ya kipande chake na cha kitovu kupelekwa kwa mtaalamu wa magonjwa. Seli nyeupe zikikutwa kwenye tando, hizo ni za mama, na maana yake ni kwamba mama alikuwa akipambana. Zikikutwa kwenye mishipa ya kitovu, hizo ni za mtoto, na daktari wa watoto atajua kuwa huyu aliyelala kwenye kitanda cha joto alianza vita kabla hajazaliwa, na kwamba mapafu na ubongo wake vinahitaji kuangaliwa kwa karibu zaidi.